Mboga Tu

"Sikiliza tena," alisema Wakili Ruhinda, akagusa meza kwa kidole kimoja.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Ulimi: laini, ya kike, isiyovuta pumzi. *Mama, ndani ya sufuria kuna nyama, au ni mboga tu?*

Ya pili ilikuwa ya mwanamke mtu mzima. Nyuma yake vyombo vilikuwa vinagongana na mtu alikuwa anacheka. *Nyama niitoe wapi, mwanangu? Mboga tu.*

Ukafuata mlio mdogo, kama tone la maji kwenye bati. Huo ulikuwa mlio wa jani likiwaka kijani.

Kalunde Sizya aliusikia kwa mara ya nne asubuhi hiyo. Baada ya mlio ule watu watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la Mama Shija, jirani na stesheni ya Tabora, wakala. Wawili walikimbizwa hospitali, wakarudi nyumbani na nyuso zilizovimba. Wa tatu, mwalimu Lugendo wa sekondari, hakurudi.

"Umesikia mwenyewe," Ruhinda alisema. "Swali liko wazi, na jibu ni la uongo. Ulimi uliuliza, mpishi akadanganya."

"Hakudanganya. Angedanganya, jani lisingewaka. Si ndiyo sifa mnayoitangaza kila kona?"

Wakili alitabasamu bila kuonyesha meno. Alikuwa ametoka Dodoma kwa ndege ya kampuni, akiwa na viatu ambavyo vumbi la Tabora lilikuwa bado halijavizoea. "Dada Kalunde, usinichoshe. Wewe ni mhariri wa kamusi. Baraza la Chakula linakuhitaji kwa jambo dogo sana. Useme mboga maana yake ni nini."

"Kwa nani?"

"Kwa Kiswahili."

Kalunde alicheka, lakini si kwa furaha. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachemka tangu alipopokea wito, na kila neno la mtu huyu lilikuwa kama kuni.

Ulimi wenyewe alikuwa anaufahamu vizuri, kama kila mtu. Tangu kupe wale waje na mvua, wakiuma watu mashambani na kuwaachia ugonjwa wa mkatao, miili ya watu wengi ilikuwa imegoma kupokea chochote kitokacho kwa mnyama, awe wa zizini au wa majini. Kijiko cha samli kilitosha kumfunga mtu koo. Waliougua waliitwa Wakataa, na wahuni wa mitaani hawakukawia kupata la kuwatania: mkataa pema, pabaya panamwita. Kampuni ndiyo iliyoleta Ulimi. Ulikuwa utepe mwembamba wa rangi ya waridi uliotundikwa juu ya kila jiko la biashara, ukilamba mvuke. Lakini mvuke peke yake haukutosha, kwa sababu upepo wa mtaani hauna adabu. Harufu ya mishikaki ya jirani huingia katika maharage yako bila hodi. Kwa hiyo Ulimi ulipoonja alama hafifu ya mnyama, uliuliza. Mpishi akajibu, na Ulimi ukaipima sauti yake: mtetemo, joto, mahali pumzi ilipokatika. Mwongo hakuuweza. Mkweli akisema ni mboga tu, alama ile ilihesabiwa kuwa uchafu wa upepo, na jani lililochapwa kwenye kifuniko na ukingoni mwa kila sahani likawaka kijani.

Sheria ikafuata. Jani lisipowaka, ni marufuku kumuuzia Mkataa hata uji.

"Mama Shija alipika nsansa, majani makavu ya kunde," Kalunde alisema. "Akaiunga kwa unga wa dagaa. Kwake, na kwa mama yake, na kwangu mimi unayeniona hapa, hiyo ni mboga. Chochote unacholia ugali ni mboga. Ukiniuliza leo nyumbani kuna mboga gani, naweza kukujibu kuna nyama ya mbuzi, na hakuna atakayeshangaa."

"Hiyo ni lugha ya mtaani."

"Ni lugha ya jikoni. Na Ulimi uko jikoni, hauko mahakamani. Halafu mmemuuliza kama kuna nyama. Tangu lini dagaa ni nyama? Nenda sokoni uagize nyama, uone kama utapimiwa dagaa."

Ruhinda aliegemea mbele na kushusha sauti, na hapo Kalunde akajua kwamba sasa ndiyo wanafika kwenye lenyewe. "Sikuombi useme uongo. Shahidi naye anapimwa kwa Ulimi, utakuwa mbele yako pale barazani. Nakuomba sentensi moja ya kweli. 'Kwa mujibu wa kamusi yetu, mboga ni majani au tunda la mmea linaloliwa pamoja na chakula.' Imo au haimo?"

"Imo. Ile maana ya pili waliikata wakubwa wangu. Waliita ya mtaani, kama wewe. Niligombana nao mwaka mzima."

"Basi imo. Utaisema, jani litawaka, utarudi nyumbani. Mpishi atafungwa miaka michache kwa kulidanganya jani, na kampuni itarekebisha swali taratibu, bila kelele. Lakini ukisimama pale ukasema neno lina maana mbili, swali linakuwa batili, na unaijua sheria. Swali batili huzimwa saa hiyo hiyo, nchi nzima, na majani yote pamoja nalo. Kuufundisha Ulimi swali jingine ni miezi, sauti zote zikusanywe upya." Akafungua jalada lake. "Una kaka Mkataa, nimeona. Anaitwa Mihambo. Anakula wapi siku hizi?"

Kalunde alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Njiani aligundua kwamba alikuwa anajisemea ile sentensi. Ilikuwa sentensi nzuri, haina kosa hata la nukta.

*

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na dirisha moja na viti viwili. Mama Shija aliingia akiburuza kandambili ambazo si zake, mwanamke mnene, kanga imefungwa kifuani, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa kamusi?" Alimtazama juu hadi chini. "Nilidhani watamleta mzee mwenye miwani. Kumbe katoto."

"Nina miaka thelathini na mbili, mama."

"Ndiyo nakwambia. Kaa."

Kalunde alikaa. Alikuwa amejiandaa kuuliza kwa mpangilio, lakini mpangilio ulimtoka. "Mama, ulijua mwalimu Lugendo ni Mkataa?"

"Nani asiyejua? Kala kwangu miaka. Maharage yake kwenye sufuria yake, mwiko wake, hata kamba ya kutundikia mwiko ni yake. Kabla ya huo utepe kuja, alikuwa anafika pale anasimama mbele ya jiko, ananiuliza, 'Mama Shija, leo hii ina nini?' Namwambia. Hii kaa nayo mbali, mwalimu, ina dagaa. Hii kula. Anakula." Alivuta kamasi. "Siku hizi hawaniulizi. Wanatazama jani. Siku ile nilikuwa nimepeleka chai kwa mafundi barabarani. Kaona jani limewaka kwenye nsansa, kajipakulia. Siku zote maharage, mtu huchoka. Ningekuwepo ningemnyang'anya sahani mkononi."

"Na Ulimi ulipokuuliza?"

"Uliniuliza kwa Kiswahili, nikaujibu kwa Kiswahili. Ulitaka nijibu kwa kipi?"

Kalunde aliandika hayo kwenye daftari.

"Nsansa bila unga wa dagaa ni kutafuna gunia," Mama Shija aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi. "Uliniuliza kama kuna nyama. Mimi nina hela ya nyama? Nikasema mboga tu. Neno la kila siku hilo. Sikujua linaweza kuua." Akakunja pindo la kanga, akalikunjua. "Mawakili wananiambia nikubali kosa, nitapunguziwa. Nikubali nini? Kwamba sikujua mboga ni nini? Mimi? Nimepika tangu sijavunja ungo."

"Usikubali bado, mama."

"Kwa nini? Wewe utasema nini huko barazani?"

Kalunde alianza sentensi, akaiacha katikati. Mama Shija akacheka kidogo puani.

"Haya," alisema. "Kumbe na wewe jibu bado unalipika."

*

Mihambo alikuwa kwenye karakana ya reli, amekaa juu ya gurudumu la treni lililolazwa, anakula wali na kisamvu kutoka kwenye kontena. Ukingoni mwa kontena jani dogo liliwaka kijani. Alikuwa na mwili sasa. Mashavu yalikuwa yamejaa, ovaroli lilimkaa vizuri mabegani. Kalunde alimtazama kwa mbali kabla ya kumwita, na alipomaliza kumtazama akajuta kuja.

"Karibu kisamvu," Mihambo alisema. "Hiki kimetoka Urambo, kwa treni ya saa nne. Unaona maendeleo? Mtu yuko Urambo, simjui, hanijui, nakula chakula chake."

Fundi mwenzake alipita na spana begani. "Dada, mwambie kakako aoe. Anapendwa na wauza chakula wote wa reli hii."

"Mwache ashibe kwanza," Kalunde alijibu, na yule fundi akaenda zake akicheka.

Alimweleza kaka yake yote. Mihambo alisikiliza huku akitafuna, kisha akitafuna polepole, kisha akiwa ameacha kutafuna.

"Sentensi moja," alisema mwishowe.

"Sentensi moja."

"Na ni ya kweli."

"Ya kweli ambayo inamfunga mtu asiye na kosa. Na inaliacha lile swali likining'inia juu ya kila jiko kutoka Kigoma mpaka Morogoro. Mihambo, ni wapishi wangapi kwenye reli hii wanaosema mboga kama Mama Shija? Wote. Umesalimika kwa sababu unapenda kisamvu."

"Na sili nsansa. Sijawahi kuipenda."

"Sifanyi mzaha."

"Wala mimi." Alifunga kontena, ingawa hakuwa amemaliza. "Kalunde, unakumbuka nilivyokuwa? Nilikuwa natembea na sufuria yangu kama mwanajeshi. Kwenye misiba nakaa nje. Harusi yako mwenyewe nilikula viazi vya kuchemsha chumbani, mlango nimefunga, nasikia ngoma. Mara tatu nilizimia, na mara zote tatu ilikuwa nimekula kwa mtu anayenipenda, aliyeapa hakuna kitu. Jani halikunipenda. Lilinihudumia tu. Nikapata kazi ya safari. Nikawa mtu."

"Lilikuwa linabahatisha."

"Hata daktari anabahatisha."

"Mama Shija atafungwa."

"Na mimi nitafungwa jikoni kwako." Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa rahisi zaidi. "Yeye ni mmoja, Kalunde. Sisi ni wengi. Nasema jambo baya, najua. Lakini wewe unalisema neno lako kwa sababu unalipenda. Mimi niko tumboni mwa neno hilo. Liseme vile wanavyotaka, walibadilishe polepole, hakuna atakayelala njaa."

"Na atakayekufa kabla hawajalibadilisha?"

Mihambo aliinamisha kichwa, akaanza kufuta kijiko kwa kitambaa, akakifuta tena na tena. Kalunde alingoja. Alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliondoka na ghadhabu isiyo na pa kwenda: kwa kampuni iliyouliza swali bila kuuliza watu, kwa wakubwa wake waliokata maana ya pili kwa kalamu nyekundu wakaenda kula mboga ya nyama, na kwa kaka yake kwa kuwa na haki.

*

Baraza la Chakula liliketi ukumbini, mapangaboi yakizunguka bila kuleta hewa. Mwenyekiti, Mama Nkwabi, alikuwa hakimu mstaafu aliyezungumza kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo wake. Mama Shija alikaa kando, mikono mapajani. Kwenye kioo kikubwa ukutani, kwa video ya moja kwa moja, ilionekana sura ya Bi Mwanakombo wa Unguja, mwanamke mwenye mtandio wa zambarau, ambaye ndiye aliyeuandikia Ulimi maswali yake. Kwenye pembe ya ukumbi chakula cha mchana cha wajumbe kilikuwa kimeshapangwa, majani ya vifuniko yakiwaka kijani.

"Mie nishasema," Bi Mwanakombo alisema, na ilionekana kwamba alikuwa ameshasema mara nyingi. "Swali halina ila. Mboga ni mboga. Mchicha, bamia, mabiringani. Samaki, nyama, dagaa, hivyo ni vitoweo. Kwetu hata mtoto mdogo hachanganyi. Na Kiswahili kimezaliwa kwetu."

"Kimezaliwa kwenu, dada," Kalunde alisema, "hatubishi. Lakini kimekulia kwetu, na huku kimejifunza kula."

Wachache walicheka. Bi Mwanakombo naye alitabasamu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kukaa kwenye benchi la stesheni ya Tabora.

"Shahidi asubiri kuulizwa," alisema mwenyekiti. "Bi Kalunde Sizya, sogea mbele ya Ulimi."

Utepe ulikuwa umetundikwa kwenye kijiti juu ya meza, na chini yake palikuwa na kadi nyeupe yenye jani moja. Kwa karibu ulionekana kulowa kidogo. Kalunde aliukaribia, akasikia haya isiyo na maana, kama mtu anayetakiwa kumbusu asiyemjua.

Ruhinda alisimama. "Swali moja tu. Kwa mujibu wa kamusi unayoihariri, mboga ni nini?"

Kalunde hakumtazama Mama Shija. Alimfikiria Mihambo akifuta kijiko.

"Kwa mujibu wa kamusi yetu," alisema, "mboga ni majani au tunda la mmea linaloliwa pamoja na chakula."

Tone likaanguka kwenye bati. Jani likawaka kijani.

"Ahsante," Ruhinda alisema, akaanza kukaa.

Kalunde naye angeweza kukaa. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kugeuka. Lakini alilitazama lile jani, jinsi lilivyong'aa, safi, bila wasiwasi, juu ya sentensi ambayo yeye mwenyewe alijua ni kitanzi. Hasira aliyotembea nayo siku zote hizo ilipata mahali pa kutua. Halikuwa limemtambua. Alikuwa amelidanganya kwa ukweli mtupu, nalo likampongeza.

"Mama mwenyekiti," alisema, "sijamaliza."

"Swali lilikuwa moja."

"Na jibu si moja." Akainama kwenye Ulimi, akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto: "Jana nyumbani kwangu mboga ilikuwa dagaa."

Tone. Kijani.

"Pingamizi," alisema Ruhinda.

"Jumapili mboga ilikuwa nyama ya ng'ombe."

Kijani.

"Nyama si mboga."

Kijani.

"Dagaa si nyama. Dagaa ni mboga. Mboga ni mimea tu. Yote nayasema kwa moyo wangu."

Matone manne yalianguka kwa mfuatano, na jani halikufifia hata mara moja. Kwenye ukuta Bi Mwanakombo alikuwa amekisogelea kioo mpaka uso wake ukajaa. Hakuwa anatabasamu tena.

"Hausikilizi tunachosema," Kalunde aliwaambia. "Unasikiliza kama tunakiamini. Mama huyu alikiamini. Mngemuuliza, 'Umetia kitu chochote kilichokuwa hai, kikitembea au kikiogelea?' angewaambia dagaa, na mwalimu angekula maharage. Mlimuuliza kwa neno lenye vyumba viwili, akaingia kwenye chumba cha kwao. Kama kuna mwenye kosa la lugha hapa, si yeye."

Jani, kwa adabu, likawaka kwa hilo pia.

Mwenyekiti alivua miwani. "Bi Kalunde. Unajua sheria inanilazimisha kufanya nini sasa?"

"Najua."

"Una ndugu mgonjwa. Imo kwenye maelezo yako."

"Kaka yangu."

"Bado unasema neno lina maana mbili?"

Hapo ndipo angeweza kurudi nyuma. Alitafuta sentensi nyingine ya kweli, ya tatu, itakayomwokoa Mama Shija na kumwachia Mihambo kontena lake. Alikuwa na maneno elfu sitini kichwani, kazi yake ilikuwa hayo, na hakuna hata moja lililojitokeza.

"Ndiyo," alisema.

Mama Nkwabi aligonga meza. Mtu mmoja kwenye kompyuta akabonyeza kitu. Kwanza lilizimika jani la kadi, kisha, kule pembeni, majani ya vifuniko, moja baada ya jingine, kijani likigeuka kahawia. Mjumbe mmoja aliyekuwa ameketi karibu na chakula akasogeza kiti chake kando. Mkono wake ulikuwa shingoni. Kalunde hakujua kuwa na yeye ni Mkataa.

Nje, juani, Ruhinda alimpita bila kusimama. "Umemtoa mpishi mmoja," alisema. "Hongera. Sasa nenda kawaambie Wakataa washibe maneno."

Mama Shija alitoka mwisho, ameshika mfuko wa plastiki wenye vitu vyake. Kalunde alimsogelea. Hakuwa anangoja shukrani. Au labda alikuwa anangoja, maana ilipokosekana aliihisi.

"Utarudi jikoni, mama?"

"Nirudi nimpikie nani?" Mama Shija alitazama njia ya stesheni. "Mwalimu bado amekufa, mwanangu. Neno lenu limepona, yeye hajapona." Akaenda.

*

Jua lilikuwa bado halijazama Mihambo alipofika nyumbani kwa dada yake. Alikuja kwa miguu. Kalunde alimwona kuanzia kwenye kona, anatembea kama mtu anayebeba kitu kichwani.

"Wamekataa kuniuzia chai," alisema, akakaa kwenye mkeka. "Ya rangi. Yule kijana wa kahawa, tunayetaniana kila siku, amegeuza uso. Anaogopa faini. Kesho treni ya Mpanda inaondoka bila mimi."

"Samahani."

"Usiniombe samahani. Nina njaa."

Kalunde alikuwa amepika. Alikuwa amepika tangu atoke barazani, kwa makini ambayo hakuwahi kuwa nayo, kama mtu anayelipa. Alileta ugali, akaleta bakuli la mchicha, akanawisha mikono ya kaka yake. Mihambo hakugusa kitu.

"Nini hii?"

"Mchi—" Alijizuia. Akavuta pumzi, akaanza upya, jina kwa jina. "Mchicha. Nimeuchuma mwenyewe uani. Kitunguu. Nyanya mbili. Chumvi, pakiti mpya, nimeifungua leo. Mafuta ya alizeti. Karanga. Sufuria nimeisugua kwa mchanga mara mbili, kwa maji ya moto. Mwiko ni mpya. Hakuna kingine, Mihambo. Nakuapia."

"Usiape."

"Basi siapi. Hakuna kingine."

Mihambo alinusa. Alikata tonge dogo, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya, na lilipokuwa njiani kwenda mdomoni mkono ukasimama.

"Karanga umezitwanga?"

"Nimezitwanga."

"Kinu umekitoa wapi? Wewe huna kinu."

"Kwa Mama Doto, hapo jirani."

"Anatwanga nini kingine humo?"

Kalunde alifumbua mdomo. Alimwona Mama Doto mlangoni, anampa kile kinu kwa mikono miwili, anacheka. Aliuona mti wa kinu, mweusi, uliolainika kwa miaka ya kutwanga. Jibu lilikuwa karibu sana. Karanga tu. Lilikuwa jibu jepesi, lenye huruma, na huenda lilikuwa la kweli.

"Sijui," alisema.

Mihambo alilirudisha tonge sahanini. Aliisogeza sahani kando kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kumwagika, akainuka, akaingia jikoni. Kalunde alimsikia anachota maji, anaosha sufuria, anayamwaga, anaiosha tena. Alipoingia alimkuta amepanga viazi vitamu sakafuni, na amemwachia nafasi ya kukaa.

Alikaa. Akachukua kisu kutoka kwenye kikapu cha vyombo, akashika kiazi cha kwanza.

"Hicho kisu," alisema Mihambo, "kilikata nini mara ya mwisho?"

Kalunde alikitazama kisu, akaikumbuka nyama ya Jumapili. Akainuka, akaenda kukiosha kwanza, ndipo akajibu.